Rehani kwa Bwana Barafu

Wateja walimwita Fundi, mama yake alimwita Wewe, na kaka yake hakumwita kabisa. Hivyo ndivyo walivyoishi yeye na mama katika ile nyumba ya vyumba vitatu ambayo marehemu baba yao aliijenga kwa mikono yake, mwaka huu ukuta, mwaka ule bati. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi, na kioo kirefu ambacho kila mwanamke aliyekuja kujipima gauni alikilaumu kwa kumnenepesha. Cha kati alilala mama. Cha nyuma alilala Fundi mwenyewe, yeye na magunia ya vipande vya vitambaa. Kila mwaka alisema atavishonea foronya, na kila mwaka vikaongezeka.

Mwaka huo mama aliugua homa ndefu, na homa ilipoondoka iliondoka na pua yake. Hakunusa tena kitu, na kwa kuwa hakunusa, hakula. Ukimpa supu anasema umempa maji uliyooshea sufuria. Ukimpa viazi anasema udongo.

"Wewe," alimwambia bintiye, "siku hizi unapika au unachemsha tu?"

"Napika, mama."

"Basi umesahau kupika. Na ulikuwa unajua."

Akawa anakonda. Gauni ambalo Fundi alilipunguza kiuno mwezi uliopita likahitaji kupunguzwa tena, na Fundi, ambaye kwa kazi yake alijua mwili wa mtu kwa futi ya kupimia zaidi kuliko kwa macho, alizirudia zile namba moyoni akaogopa. Alimwomba Mungu kila alfajiri ampe mama hamu ya kula. Hakuomba zaidi ya hapo, maana aliona aibu kumwomba Mwenyezi vitu vingi kwa mpigo.

Jibu lilitoka kwenye ndoo ya rangi. Nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapotokea, palikuwa na ndoo kuukuu ya rangi iliyootesha mrehani, nao ulinawiri kama uliolipiwa. Siku moja Fundi alivunja kijiti kwa sababu tu kilikuwa kinamkwaruza mguu, akaingia nacho ndani mkononi pamoja na bakuli la supu. Mama akageuza uso.

"Nini hicho?"

"Supu, mama."

"Si supu. Hicho kingine. Kinanukia."

Fundi nusura amwage kila kitu. Akayakatakata yale majani kwa vidole, akayatia kwenye supu, na mama akala vijiko kumi na viwili. Fundi alivihesabu. Tangu siku hiyo hakikuingia chakula chumba cha kati bila rehani, iwe supu, viazi, mayai au maharage. Hata uji siku moja ulitiwa, mama akasema jamani hapo umezidisha.

Lakini kula kwa mama kulikuwa na kitu cha pili. Kila jioni, kabla ya kijiko cha kwanza, alikuwa na swali lake: "Kaka yako amesema nini leo?"

Kaka mtu alikuwa msimamizi wa ghala katika mji mwingine, safari ya basi kutwa nzima. Mama alipozidiwa na homa Fundi alimtumia ujumbe. Mama alipopoteza fahamu alimtumia mwingine. Mama alipopata nafuu alimtumia wa tatu wa kumshukuru Mungu. Miezi mitano ilipita, na kwenye simu yake ujumbe ulijipanga upande mmoja kama vifungo vya shati, upande wa pili mtupu. Sasa utamwambia nini mgonjwa aliyeshika kijiko akingoja? Siku ya kwanza Fundi alisema, "Anakusalimu." Mama akala. Siku ya pili alisema, "Anakusalimu, anasema kazi zimembana." Mama akala. Baada ya wiki mbili salamu zilikuwa zimeota mikono na miguu: kaka amepata viatu vipya vinambana kidole gumba, kaka ameota ndoto ya baba, kaka anasema mama asiinuke inuke. Mama alicheka kile kidole gumba hadi akakohoa.

Fundi alikuwa mtu wa sala, na uongo ulimkaa kooni kama mfupa. Kila usiku alitubu, na kila jioni akatunga upya. Alijua siku mama atakapogundua kwamba mwanawe wa kiume hajamuulizia hata mara moja, si majani ya rehani wala dawa ya hospitali itakayomfungua kinywa. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko yote.

Kisha baridi ikaingia.

Mrehani hauna urafiki na baridi. Wiki ya kwanza majani yaliingia madoa, ya pili yakaanza kudondoka yenyewe. Fundi akaona akichelewa atabaki na vijiti. Akachuma kikapu kizima na kukipeleka kwa Bwana Barafu.

Huyu alikuwa mwenye duka la jirani, mlango wa tatu, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, aliyeitwa hivyo kwa sababu aliuza barafu na soda baridi na kwa sababu, walivyosema majirani, mwenyewe hakuwahi kuonekana akitoa jasho. Alikuwa na friji moja na friza moja, na alizipenda kama watoto.

"Weka humu kwenye friji, Fundi," alisema. "Humu hata uzee hauingii."

Asubuhi majani yote yalikuwa meusi, yamelegea kama matambara ya kudekia. Bwana Barafu akaliangalia friji lake kwa huzuni, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

Fundi akachuma tena. Safari hii akayaanika juani, juu ya shuka, kama anavyoanika kitambaa kipya kitoe maji. Yakakauka vizuri, yakavunjika kwa kidole, na yakanukia nyasi. Mama alionja akauliza nani ametia majani ya chai kwenye maharage. Akachuma tena, akayapanga kwenye chupa, safu ya majani, safu ya chumvi. Hayo yalikaa kijani na harufu yake, lakini nesi wa zahanati alipokuja kumpima mama presha aliiona ile chupa akashika kiuno. "Chumvi yote hiyo? Unataka tumzike?" Basi Fundi akayatia mengine kwenye chupa ya mafuta ya kula, akaiweka kabatini. Nesi akaikuta na hiyo.

"Fundi, nisikilize. Majani mabichi ndani ya mafuta, ukiyaacha kabatini siku kadhaa, yanaweza kuzaa sumu. Haina harufu, haina rangi, huijui mpaka imeshakulaza. Mafuta sawa, lakini ugandishe. Barafu kabisa."

"Friji limeyafanya meusi."

"Friji siyo friza. Na usiyatie hivi hivi. Yachovye kwenye maji yanayochemka, hesabu mpaka tano, toa, tumbukiza kwenye maji baridi. Hapo hayatageuka rangi."

Alhamisi asubuhi Fundi alifunga mlango wa kazi, akamwambia mama mmoja mwenye gauni la harusi arudi mchana, akauchuma mrehani wote. Aliosha majani mara tatu. Akayachovya akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, akayatumbukiza kwenye maji ya Bwana Barafu. Akayakamua ndani ya kitambaa safi kama anavyokamua pamba, akayatwanga na mafuta kidogo hadi yakawa rojo la kijani, akalijaza kwenye trei mbili za barafu kwa kijiko cha chai. Vikatoka vidonge ishirini na viwili. Jumlisha na vya trei ya kuazima vikawa thelathini na kitu. Bwana Barafu alivipatia nafasi kati ya kuku na barafu za maji matamu, akasema hataki malipo, anataka tu suruali yake ipanuliwe nyuma, tena isitangazwe.

Fundi alirudi nyumbani mwepesi. Mikono yake ilinukia hadi kwenye viwiko. Akakaa kwenye cherehani, na kwa furaha, maana furaha inataka mtu wa kuambiwa, akaandika ujumbe kwa kaka yake kama alivyoandika jumbe nyingine zote, bila nukta wala mkato, kwa kuwa alama hizo kwenye simu yake zilikuwa zimejificha mahali asipopajua:

*kaka shikamoo mama hajambo usiwe na wasiwasi rehani ya nyumba nimeweka yote kwa mwenye duka hapa jirani nachukua kidogo kidogo mpaka baridi iishe ndiyo inamlisha mama*

Alitaka kusema rehani ya nyumbani, ile ya uani. Akatuma, akaisukuma simu ndani ya droo ya vifungo, akawasha pasi.

Alipoifungua droo saa tisa, kaka alikuwa amepiga mara kumi na moja.

Kumi na moja! Fundi alikaa chini. Akapiga, haikupatikana. Akapiga tena, haikupatikana. Lakini hakujali sana, alikimbia chumba cha kati na futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mama! Kaka amepiga! Amepiga mara kumi na moja!"

"Kumi na moja?" Mama alijiinua kwenye mto. "Amesema nini?"

"Sikumpata. Simu ilikuwa kwenye droo nami napiga pasi, wala sikusikia. Lakini amepiga, mama, hii ni kweli kabisa."

"Kwani nyingine hazikuwa za kweli?" mama akauliza huku anacheka, na Fundi akageukia dirisha kulifunga ingawa lilikuwa limefungwa. Usiku ule alisali sala fupi sana. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano hakuwa na la kutubu.

Kaka mtu aliingia Ijumaa adhuhuri, suti imejikunja kwa safari ya basi, mkoba kwapani. Hakubisha hodi. Alimkuta Fundi amepiga magoti, pini mdomoni, anapima pindo la mteja, na mteja alipoona ule uso akavua gauni nyuma ya pazia akasema atarudi kesho.

"Kaka!" Fundi alizitema pini. "Shikamoo! Jamani, umekuja! Mama, njoo uone, yaani, usije, lala hapo hapo, kaka amekuja!"

Kutoka ndani sauti ya mama ikapanda. "Nani? Nani amekuja?"

"Mwambie asubiri," kaka alisema kwa sauti ya chini, akausukuma mlango wa kati ukafungika. "Kwanza wewe. Umeiweka kwa nani?"

"Nini?"

"Usinichezee. Umeandika mwenyewe. Rehani."

"Aah!" Fundi akatabasamu. "Kwa Bwana Barafu, pale mlango wa tatu."

"Bwana nani? Mtu anaitwa Barafu, na wewe unampelekea?"

"Ni mtu mwema, kaka. Hakutaka hata malipo. Anataka suruali tu."

Kaka alishika kichwa. "Suruali. Umeiweka yote?"

"Yote. Nimebakiza vijiti."

"Vijiti gani?"

"Vile vya uani. Baridi imeviua."

"Na hizo unazochukua kidogo kidogo?"

"Viwili kila siku. Kimoja mchana, kimoja jioni. Ukichukua vingi havitafika mwisho wa baridi."

"Nani alikupa ruhusa?" Kaka aliupiga ukuta kwa kiganja. "Nyumba ya baba! Ukuta aliopanga kwa mkono wake, unauweka rehani kwa muuza barafu unaumega vipande viwili viwili, mchana na jioni, unakula!"

Fundi alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama anayetafuta pini iliyoanguka sakafuni, kisha akaiona.

"Kaka," alisema polepole. "Rehani. Majani. Ya kutia kwenye supu."

Kaka hakuamini. Alitoka mbio hadi mlango wa tatu, Fundi nyuma yake na kandambili moja. Bwana Barafu alikuwa anahesabu chupa tupu.

"Wewe ndiye umechukua rehani ya mama yangu?"

"Ndiyo mimi," alisema Bwana Barafu, hana wasiwasi. "Shikamoo kaka mkubwa. Imeganda vizuri sana."

"Nataka niione. Sasa hivi."

Bwana Barafu akafunua friza, akasogeza kuku, akatoa trei, akaigonga ukingoni. Vidonge viwili vya kijani vikaruka juu ya kaunta. Fundi, aliyekuwa bado anahema, alimweleza kwa maneno matatu kilichotokea, na yule mtu mnene akaanza kutikisika kuanzia tumboni.

"Ndiyo nyumba yenyewe hii?" akauliza kwa ile sauti yake nyembamba. "Basi ina vyumba vingi, bwana wee, na vyote vina baridi! Chagua utakacholala!"

Kaka alicheka. Alicheka kwa nguvu, akajifuta uso kwa leso, akamwomba radhi Bwana Barafu, akanunua na soda akainywa hapo hapo yote kwa mkupuo. Watu wawili waliokuja kununua sabuni nao wakacheka bila kujua cha kuchekea.

Fundi alijaribu kucheka akashindwa. Alikuwa ameshika vile vidonge viwili kwenye kiganja visiyeyuke kaunta ya watu, navyo vikamyeyukia mkononi. Alikuwa anahesabu. Ujumbe wa homa, ujumbe wa kupoteza fahamu, ujumbe wa nafuu, na jumbe nyingi za katikati, hakuna uliojibiwa. Huu mmoja, wa majani, umemleta mtu kwa basi la usiku.

Walirudi. Mama alikuwa amejikokota hadi kwenye sanduku lake akavaa gauni la bluu, kinyumenyume, lebo mbele. Kaka aliinama, akasema shikamoo, na mama hakuitikia marahaba, alimshika uso kwa mikono yote miwili akaupapasa kama kitambaa unachotaka kujua ni cha pamba au la.

"Baba," alisema. "Umekonda. Na kile kidole gumba?"

"Kidole gani?"

"Anasema kimepona," Fundi akadakia, akaenda jikoni.

Kwa ile haraka alipakua supu akaipeleka. Mama alikula huku anamtazama mwanawe. Alikula bakuli lote, akaomba la pili. Fundi alipokuja kuosha vyombo ndipo aliona pembeni ya jiko kisahani alichowekea vile vidonge viwili alipotoka dukani, vimekuwa maji ya kijani. Alikuwa amesahau kuvitia. Mabakuli mawili bila jani hata moja, na mama hakusema neno. Fundi alisimama pale mikono ikiwa kwenye maji ya sabuni, hakujua amshukuru Mungu au amlalamikie, akaona heri aendelee kuosha.

Baada ya chakula mama alisinzia. Kaka alimfuata dada yake chumba cha kazi, akaketi kwenye kiti cha wateja.

"Mdogo wangu, leo tumecheka. Lakini umenitisha. Hati ya nyumba iko wapi?"

"Kwa mama. Kwenye kopo la biskuti, chini ya mto."

"Nitaondoka nayo. Kwangu kuna kabati la chuma."

"Kaka, nakuomba, usimwambie mama hilo."

"Kwa nini? Ni usalama tu."

"Miezi mitano anakungoja. Mwache aamini umemfuata yeye."

"Kwani nani amesema sikumfuata?"

"Alipokuwa hajitambui nilikuandikia," Fundi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ya mtu anayeomba nauli. "Hukujibu. Kila siku ananiuliza umesema nini, na kila siku namtungia. Nimemdanganya mama yangu kila jioni kwa ajili yako, na Mungu ananiona. Sasa ukitoka humu na hiyo hati kwapani, mimi nitatunga nini?"

Kaka alifungua mdomo. Lakini sauti iliyosikika ilitoka chumba cha kati.

"Njooni hapa wote wawili. Mlango huo baba yenu aliukata mfupi. Chini kote ni wazi."

Walimkuta ameketi, kopo la biskuti mapajani, kifuniko pembeni. Ndani palikuwa na picha mbili, kadi ya zahanati, na ile karatasi imekunjwa mara nne.

"Ni hii?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama. Si kwa ubaya. Hapa kuna panya, kuna moto, kuna wezi..."

"Kweli. Panya wapo." Aliilaza karatasi kwenye goti, akainyoosha kwa kiganja. "Sasa, baba, nikikupa hii, safari nyingine utakuja kufuata nini?"

Nje mtu alipita anapiga mluzi. Fundi alitazama miguu yake. Bado ilikuwa na kandambili moja.

"Mama, usiseme hivyo," kaka alisema.

"Sikusuti, mwanangu. Nauliza tu nijue."

Alingoja. Alingoja kwa uvumilivu wa kweli, kama ambavyo alikuwa akiwangoja wakiwa wadogo wamalize kukosea hesabu. Kaka alitazama karatasi, akatazama dirisha, akatazama saa yake. Mama akaikunja hati mara nne, akairudisha chini ya picha, akabonyeza kifuniko pande zote hadi kikalia.

"Basi itakaa hapa. Ukiona wasiwasi unakuzidi, piga simu uiulizie. Utanikuta."

Kaka aliondoka na basi la saa kumi. Alimwachia Fundi noti mkononi, Fundi akazipeleka kwa mama, mama akasema kanunulie uzi.

Jioni bakuli lilipoingia, mama hakuuliza lile swali. Alikaa anakoroga.

"Salamu zile," alisema mwishowe. "Ulizitunga wewe?"

"Nilizitunga, mama. Nisamehe."

"Zote?"

"Zote. Isipokuwa ya jana."

Mama alitikisa kichwa. "Ya jana ndiyo mbaya kupita zote." Akasogeza bakuli. "Ulikuwa unatunga vizuri, lakini. Kile kidole gumba nilikipenda. Asiyejua kutunga angetunga ugonjwa mkubwa." Akamshika bintiye mkono, mkono unaonukia majani, akaunusa, akaurudisha. "Kanywe chai. Mimi nimeshiba."

Hakuwa ameshiba. Wiki ile yote hakushiba wala hakula. Fundi alikwenda kwa Bwana Barafu mchana na jioni, akaleta vidonge vyake, akaviyeyusha juu ya kila kitu. Mama alinusa, akasema kweli inanukia, Mungu akubariki wewe, akala vijiko vitatu, vinne, akageukia ukutani. Sasa haikuwa pua tena.

Jumapili mchana simu ililia ndani ya droo ya vifungo. Fundi alipoona jina, hakukimbia. Alikwenda polepole, akabonyeza sauti ya nje kama mama anavyopenda, akaiweka kwenye mto, akarudi chumba cha kazi. Lakini mlango ule ulikuwa mfupi.

"Mama, shikamoo. Lile kopo lipo?"

"Lipo, baba. Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Usilifungue fungue ovyo."

"Silifungui. Umekula nini?"

"Wali tu. Mama, na yule dada asije akalihamisha."

"Hahamishi. Wali na nini?"

Kaka akasema wali na maharage. Mama akauliza nani kapika. Akaambiwa. Akauliza kama huko pia kuna baridi, akaambiwa ipo, kidogo. Yalikuwa maongezi ya dakika nne. Kisha sauti ya mama, changamfu kuliko ilivyosikika wiki nzima, ikaita jikoni ingawa jikoni hapakuwa na mtu: aletewe chakula, tena kisiwe cha jana.

Alikula nusu bakuli. Jumapili iliyofuata simu ililia tena, kopo likaulizwa tena, na nusu bakuli likaliwa tena. Jumapili ya tatu kaka aliulizia kopo kabla ya shikamoo, na mama akaitikia shikamoo ambayo haikutolewa.

Fundi alikuwa kwenye cherehani, na gauni la yule mama wa harusi lililotakiwa kesho asubuhi. Alisikia "Lipo, baba, lipo," na alisikia jinsi mama anavyoivuta ile simu isikatike, anauliza mvua, anauliza majirani wa huko asiowajua. Angeweza kuingia akaichukua. Angeweza kumwambia kaka neno moja, na Mungu angemwelewa. Lakini mama angekula nini? Akakanyaga, cherehani ikalia kwa nguvu, akakanyaga zaidi, akalisukuma pindo lote la gauni, duara zima, bila kuinua uso, mpaka sauti za chumba cha kati zikanyamaza. Alipoligeuza kulitazama alikuta vitundu vimepangana vizuri, mstari umenyooka. Uzi ulikuwa umekwisha tangu mwanzo.

Akatafuta uzi mwingine wa rangi ile, akauingiza kwenye sindano, na kabla hajaanza upya akaenda jikoni kupakua, maana mama alikuwa ameshaita.